K. R. Narayanan: Rais Aliyejua Kuuliza

Wapo wasemao kwamba rais asiye na mamlaka ya kutawala ni pambo tu la serikali, mtu wa kupokea saluti na kutia saini alicholetewa. Mimi siafiki kauli hiyo, na hoja yangu ni maisha ya Kocheril Raman Narayanan, Rais wa India kuanzia 1997 hadi 2002.

Kumbukumbu rasmi zaonyesha kwamba alizaliwa 1920 kijijini Uzhavoor, kusini mwa India, katika jamii ya Wadalit, watu waliohesabiwa kuwa najisi hata kuguswa. Babaye alikuwa mganga wa mitishamba. Mtoto huyo alitembea takriban kilomita 15 kila siku akipita katika mashamba ya mpunga kwenda kusoma. Karo ilipokosekana alisimama nje ya darasa akisikiliza. Vitabu navyo havikununulika. Kakaye, aliyekuwa mgonjwa wa pumu, aliviazima na kumnakilia kwa mkono.

Juhudi hizo zilimfikisha katika chuo cha uchumi na siasa cha London, alikofundishwa na Harold Laski. Mwaka 1949 aliingia katika utumishi wa serikali, idara ya mambo ya nje, akapanda ngazi hadi kuwa balozi nchini Uchina na baadaye Marekani. Alichaguliwa mbunge 1984, makamu wa rais 1992, na hatimaye Mdalit wa kwanza kuwa rais.

Oktoba 1997 baraza la mawaziri lilimtaka aivunje serikali ya jimbo la Uttar Pradesh, ambayo ilikuwa imetoka kupata kura ya imani bungeni. Narayanan aliurudisha ushauri huo ufikiriwe upya, nao mawaziri wakauacha. Mwaka uliofuata alipanga foleni na raia wengine kupiga kura, jambo ambalo hakuna rais aliye madarakani aliyelifanya kabla yake katika uchaguzi mkuu wa nchi hiyo.

Alifariki dunia Novemba 2005.

Walimu wenzangu, tunapofundisha katiba tusiishie kuorodhesha mamlaka. Lau mawaziri wangalishikilia ushauri wao, katiba ingalimlazimu Narayanan kukubali. Alikuwa na nafasi moja tu ya kuuliza, naye hakuipoteza.