Eric Liddell: Mwalimu wa Hoki Kambini

Wengi wetu tumemsikia Eric Liddell katika mahubiri: yule mwanariadha Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 katika Olimpiki ya Paris, mwaka 1924, kwa kuwa mchujo uliangukia Jumapili. Siku nyingine alikimbia mita 400 na kushinda dhahabu kwa sekunde 47.6. Mahubiri huishia hapo, na sisi wanakwaya huona yameishia mapema.

Mwaka 1925 alirudi China, alikozaliwa na wazazi wamisionari, akafundisha sayansi na michezo mjini Tientsin. Mwaka 1941, hali ya vita ilipozidi kuwa mbaya, alimsafirisha mkewe Florence, aliyekuwa mjamzito, pamoja na binti zao wawili hadi Kanada. Binti wa tatu hakumwona kamwe.

Mwaka 1943 Wajapani walimfunga katika kambi ya Weihsien. Walikuwamo pia wanafunzi wa shule ya bweni ya Chefoo, watoto waliokuwa mbali na wazazi wao. Walimwita Anko Eric. Aliwafundisha kemia bila maabara, akiwachorea vifaa daftarini, na jioni akawafundisha hoki. Magongo yalipopasuka, aliyafunga kwa vipande vya shuka.

Lakini Jumapili, hakuna mchezo. Vijana wakaamua kucheza wenyewe bila refa, na mchezo ukageuka ugomvi. Jumapili iliyofuata Liddell alikuwa uwanjani, akiwachezesha. Wapo watakaosema alilegeza msimamo. Sisi hatuoni hivyo. Mbio za Paris zilikuwa za heshima yake mwenyewe, naye alikuwa na haki ya kuziacha. Hawa walikuwa watoto wa watu, na hawakuwa na mzazi karibu wa kuwaamulia.

Mwanzoni mwa 1945 aliugua uvimbe wa ubongo. Bendi ya Jeshi la Wokovu ilikuwa ikipiga nyimbo nje ya hospitali ya kambi siku za Jumapili, naye akatuma ombi: wapige ule wimbo unaoimbwa kwa tuni ya Finlandia ya Sibelius, tuni ambayo besi wetu hawachoki nayo. Wakampigia. Alifariki tarehe 21 Februari, akiwa na miaka 43, miezi sita tu kabla ya kambi kukombolewa. Siku ya maziko, watoto wa shule walipanga gwaride la heshima.