Livingstone na Maji ya Tanganyika

David Livingstone alizaliwa Blantyre, katika nchi ya Scotland, mwaka 1813. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, tangu alfajiri hata usiku. Kisha akaenda darasani. Baadaye alijifunza udaktari katika mji wa Glasgow. Huko alisoma pia kemia, yaani elimu ya vitu na jinsi vinavyochanganyika.

Alifika Afrika mwaka 1841, akasafiri miaka mingi. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Ujiji, amekonda kwa ugonjwa. Mwezi Novemba wakapanda mtumbwi pamoja, wakafuata pwani kuelekea kaskazini, ili wauone mto Ruzizi. Livingstone alidhani kwamba maji ya ziwa hutokea huko. Kumbe Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wenyeji waliwaambia kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Livingstone na Stanley walifika mdomoni mwa mto, wakaona maji yanaingia kwa nguvu. Wenyeji walikuwa wamesema kweli.

Livingstone alikubali kosa lake. Lakini fikira moja hakuiacha: ziwa lenye maji matamu lazima liwe na mlango wa kutokea maji.

Kwa nini? Mito huchukua chumvi kidogo kidogo kutoka katika mawe na udongo. Ruzizi nao huileta kutoka Ziwa Kivu. Jua huyapandisha maji kuwa mvuke, lakini chumvi haipandi, hubaki. Tia kijiko cha chumvi katika sufuria ya maji, uiteleke mpaka maji yabaki nusu. Chumvi haikuongezeka, lakini sasa kila kikombe kina chumvi mara mbili. Ndivyo linavyokuwa ziwa lisilo na mlango, miaka elfu na elfu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Lita moja ya Tanganyika haifikishi hata gramu moja.

Livingstone hakuuona mlango huo. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, ukalazwa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kupelekwa Uingereza. Alizikwa London mwezi Aprili 1874. Mwezi uliofuata, Cameron aliuona mto Lukuga, upande wa Kalemie. Mlango wake ulikuwa umezibwa na matete na matope. Miaka michache baadaye ziwa lilijaa, likayasukuma, na maji yakaenda zake mpaka Lualaba.