Dkt Kinyoun: Aliyewapima abiria wa meli kwa hadubini na kuponzwa na kanuni za karantini

MELI iitwayo Alesia ilipowasili New York mwishoni mwa Septemba 1887 ikitokea Marseille na Naples, baadhi ya abiria wake walikuwa tayari wamezikwa baharini. Wengine walikuwa wanaharisha na kutapika, na maafisa wa bandari wakashuku kwamba ni kipindupindu.

Kushuku, hata hivyo, si kujua. Hadi wakati huo kazi ya daktari wa bandari ilikuwa kupanda melini, kuwapanga abiria mstari na kuwatazama ulimi, macho na ngozi. Aliyeonekana mzima alipita. Aliyeonekana mnyonge alizuiwa. Tena mara nyingi aliyevaa suti na kusafiri daraja la kwanza alitazamwa kwa upole kuliko mhamiaji maskini aliyelala chini ya sitaha.

Safari hii sampuli za wagonjwa zilifikishwa kwa daktari kijana wa miaka 26 aliyekuwa na chumba kimoja tu katika hospitali ya mabaharia kisiwani Staten. Humo alikuwa na hadubini ya Zeiss kutoka Ujerumani. Alizikuza bakteria za sampuli hizo, akazitazama na kuona umbo lililopinda kama alama ya mkato, lile lile ambalo Robert Koch alikuwa amelieleza miaka michache tu kabla ya hapo.

Kilikuwa kipindupindu. Kwa mara ya kwanza katika mabara ya Amerika, maradhi hayo yalithibitishwa kwa kuonyesha kiini chake, wala si kwa kubahatisha kwa macho.

Daktari huyo aliitwa Joseph James Kinyoun. Chumba chake kile ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Marekani, mojawapo ya asasi kubwa zaidi za utafiti wa tiba ulimwenguni. Lakini jina lake halikuvuma sana kama lilivyostahili, na sababu yake ni yale yaliyomkuta miaka 13 baadaye katika bandari nyingine, upande wa pili wa nchi hiyo.

Kinyoun alizaliwa Novemba 25, 1860, East Bend, North Carolina, na kulelewa Missouri, ambako babake alikuwa daktari. Alianza kujifunza tiba miguuni pa mzee wake, kisha akahitimu mwaka wa 1882 katika chuo cha udaktari cha Bellevue, New York. Mwaka wa 1886 alijiunga na Idara ya Hospitali za Mabaharia, iliyokuwa na jukumu la kuwatibu wanamaji na kulinda bandari za Marekani dhidi ya maradhi ya kigeni.

Mwaka wa 1888 alimpoteza bintiye mdogo kutokana na dondakoo. Haikuchukua muda mrefu baadaye kabla ya kusafiri Ulaya kujifunza kwa Koch na katika taasisi ya Pasteur, na akawa miongoni mwa walioipeleka Marekani dawa ya kutibu maradhi hayo hayo.

Aliporejea kwenye masuala ya meli, alibuni pia mitambo ya kuua vijidudu kwa mvuke, ambamo nguo na mizigo ya abiria ilitiwa na kuchomwa kwa joto bila kuharibiwa. Kwa msafiri wa siku hizo, aliyekuwa akiona sanduku lake likitupwa motoni au kufukizwa kwa kiberiti, hilo halikuwa jambo dogo.

Katika miaka hiyo kanuni za kuingia Marekani kwa meli zilikuwa zikikazwa. Mnamo Septemba 1, 1892, kipindupindu kikiwa kimeshamiri Hamburg, Rais Benjamin Harrison aliagiza kila meli iliyobeba wahamiaji izuiliwe siku 20. Tazama maneno hayo: iliyobeba wahamiaji. Kampuni za meli zilielewa mara moja kwamba ni heri kuwaacha maskini bandarini.

Hata matajiri hawakusalimika wote. Abiria wa daraja la juu wa meli ya Normannia walipopelekwa kukaa kwenye hoteli kisiwani Fire, iliyonunuliwa na Gavana wa New York kwa shughuli hiyo, wakazi wa huko walijitokeza kwa hasira na kuwazuia kutua. Ilibidi wanajeshi wa jimbo waitwe. Abiria hao walilala melini, bila mahali pa kwenda.

Februari 1893 Bunge lilipitisha sheria ya karantini iliyohitaji kila meli itokayo ng'ambo kuwa na hati ya afya iliyotiwa sahihi na afisa wa ubalozi wa Marekani katika bandari ilikotoka. Hapo ndipo upimaji wa mpakani ulipoanza kusogezwa nyuma, ukafanywa kabla msafiri hajang'oa nanga. Msomaji aliyewahi kutakiwa kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano kabla ya kupanda ndege anaijua njia hiyo.

Wakati huo tauni ilikuwa safarini. Ilizuka Hong Kong mwaka wa 1894, ikafika Bombay mwaka wa 1896, na kutoka hapo ikafuata meli za mvuke popote zilipokwenda. Nairobi, iliyokuwa mji mchanga wa reli, iliipata pia. Mwaka wa 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya wakubwa wa serikali ili kuiangamiza. Honolulu walikuwa wametangulia. Moto uliowashwa huko Januari 20, 1900 kuchoma nyumba chache zilizoshukiwa ulichukuliwa na upepo, ukateketeza mtaa mzima wa Wachina.

Juni 1899 Kinyoun alihamishwa kutoka Washington na kupelekwa kusimamia kituo cha karantini kisiwani Angel, katika ghuba ya San Francisco. Yeye aliuona uhamisho huo kama kufukuzwa nyumbani. Mwezi huo huo meli ya Nippon Maru iliwasili kutoka Asia ikiwa imepoteza watu njiani kwa tauni. Baada ya kuzuiliwa, miili ya Wajapani wawili waliozamia meli hiyo bila nauli ilikutwa majini ikiwa na majaketi ya kuokolea maisha. Ilipochunguzwa, bakteria za tauni zilionekana.

Machi 6, 1900, mfanyabiashara wa mbao mwenye asili ya Kichina alikutwa amekufa katika chumba cha chini cha hoteli moja mtaani Chinatown, San Francisco, akiwa na mtoki kwenye kinena. Daktari wa jiji alichukua vipande vya mwili huo na kuvipeleka kisiwani kwa Kinyoun.

Kinyoun alifanya alichokijua. Aliwadunga wanyama wa maabara: panya mmoja, simbilisi wawili na tumbili mmoja. Kisha akangoja, kwa maana bakteria haziharakishwi.

Jiji halikungoja. Alfajiri ya siku iliyofuata polisi waliufunga mtaa wa Chinatown kwa kamba, wakawatoa Wazungu waliokuwemo na kuwazuia Wachina kutoka. Siku mbili na ushei baadaye, wanyama wakiwa bado wanatembea, kamba ziliondolewa na magazeti yakamfanyia daktari stihizai. Siku hizo hizo panya na simbilisi wakafa. Tumbili naye akafuata. Ilikuwa tauni bila shaka yoyote.

Lau habari ingeishia hapo, Kinyoun angekumbukwa kama mtu aliyeiokoa pwani nzima. Haikuishia hapo.

Mei mwaka huo mkuu wake, Walter Wyman, kwa idhini ya Rais William McKinley, alitoa kanuni mpya. Mtu mwenye asili ya Kiasia hangeruhusiwa kusafiri kutoka San Francisco kwa meli au garimoshi bila cheti kilichoonyesha kwamba amedungwa chanjo ya Waldemar Haffkine. Aliyetakiwa kuisimamia kanuni hiyo alikuwa Kinyoun.

Chanjo hiyo ilikuwa kali, ikileta homa na maumivu ya siku kadhaa. Wachina waliikataa, na walikuwa na haki ya kuuliza swali rahisi. Mzungu aliyekuwa akila, kulala na kufanya biashara katika mitaa ile ile alipanda garimoshi bila kuulizwa lolote. Je, tauni ilitambua rangi ya mtu?

Walikwenda mahakamani. Mei 28, 1900, Jaji William Morrow aliibatilisha kanuni hiyo kwa kuwa iliwabagua Wachina bila ushahidi kwamba wao walikuwa hatari kuliko wengine. Jiji likajibu kwa kuufunga mtaa upya, safari hii kwa seng'enge, mpaka wake ukipindishwa ili kuyakwepa majengo ya Wazungu. Juni 15 jaji huyo huyo aliufungua. Aliongeza hoja ambayo daktari yeyote angepaswa kuitoa kwanza: kuwafungia pamoja watu wapatao 10,000 palipo na ugonjwa ni kuueneza, si kuuzuia.

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya anapomwona Kinyoun katika sura zake mbili. Kipimo chake kilikuwa cha kweli, na kila mtaalamu aliyekirudia alipata jibu lile lile. Lakini alikubali kukiambatanisha na kanuni iliyochagua watu kwa asili yao, na tangu hapo Wachina hawakukiamini kipimo wala mpimaji. Wagonjwa walifichwa. Maiti zilihamishwa usiku.

Sayansi ya siku zile yenyewe ilikuwa imeshatoa dokezo. Mwaka wa 1898 Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa ameonyesha kwamba tauni hupitishwa na viroboto wa panya. Wengi hawakumsadiki. Panya wa San Francisco hawakuwa na haja ya cheti, na hawakubaki ndani ya seng'enge.

Baada ya kushindwa mahakamani Kinyoun alichukua hatua iliyomaliza marafiki aliobaki nao. Aliagiza kwamba mtu yeyote, wa rangi yoyote, asitoke California bila cheti chake cha afya. Kwa upande wa haki, agizo hilo lilikuwa bora kuliko la kwanza, kwani liliwahusu wote. Ni ajabu kwamba ndilo lililozua ghadhabu kubwa zaidi. Wafanyabiashara wa matunda na kampuni za reli walipiga kelele hadi Washington, na Rais akalifuta kwa haraka.

Kinyoun mwenyewe alishtakiwa kwa kudharau mahakama. Mapema Julai aliondolewa hatia, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kuchafuliwa.

Gavana wa California, Henry Gage, alikana mchana peupe kwamba kulikuwa na tauni katika jimbo lake. Alikwenda mbali zaidi, akadokeza mbele ya wabunge mwanzoni mwa 1901 kwamba huenda bakteria zilipandikizwa katika maiti na watu wa maabara. Kila aliyesoma alijua ni nani aliyelengwa.

Serikali kuu iliwatuma wanasayansi watatu wasiokuwa na upande: Simon Flexner, Frederick Novy na Lewellys Barker. Walichunguza miili kwa majuma machache na kuthibitisha kwamba tauni ilikuwepo, kama Kinyoun alivyosema. Viongozi wa California wakaafikiana na Washington ripoti isitangazwe mara moja, na daktari aliyesema kweli aondolewe. Ripoti hiyo ilivuja hata hivyo, lakini Kinyoun akahamishiwa Detroit mwaka huo wa 1901. Mwaka uliofuata alijiuzulu.

Kazi aliyoiacha ilimalizwa na Rupert Blue, aliyewaandama panya badala ya watu na kuwatendea Wachina kwa staha zaidi. Ilisaidia pia kwamba mnamo Januari 1903 Gage alimpisha George Pardee, gavana aliyekuwa daktari. Mgonjwa wa mwisho wa mkurupuko huo alipatikana mwaka wa 1904. Watu zaidi ya 110 walikuwa wamekufa, na inauma kufikiri ni wangapi wangeokolewa kama miezi ile ya mwanzo haikupotezwa kwa kukana na kubaguana.

Ghuba hiyo ya San Francisco ilirudi katika habari za karantini miaka 120 baadaye. Machi 2020 meli ya kitalii ya Grand Princess, yenye watu wapatao 3,500, ilizuiliwa baharini karibu na California kwa sababu ya Covid-19. Helikopta iliwashushia vifaa vya kupima. Watu 46 walipimwa mwanzoni, na 21 wakakutwa na virusi: abiria wawili na wafanyakazi 19.

Takwimu hizo ziliwashtua waliodhani kwamba hatari iko kwa wasafiri tu. Siku hizo kulikuwa na wanasiasa waliotamani meli ibaki huko huko baharini, idadi ya wagonjwa nchi kavu isije ikapanda. Gage angewaelewa vyema. Meli ilitia nanga Oakland Machi 9, ng'ambo tu ya ghuba kutoka San Francisco, na abiria wakaanza kushushwa kwenda karantini.

Kinyoun aliishi miaka 17 baada ya kuacha utumishi huo. Alifanya kazi katika kampuni ya dawa, akafundisha chuo kikuu, kisha akawa mtaalamu wa bakteria wa jiji la Washington. Mwaka wa 1909 wataalamu wenzake walimchagua kuwa rais wa chama chao cha kitaifa. Mwaka wa 1915 alichapisha mbinu ya kuzitia rangi bakteria za kifua kikuu bila kupasha moto, na mbinu hiyo yenye jina lake ingali inafundishwa maabarani.

Alifariki dunia Februari 14, 1919, kwa saratani, akiwa na miaka 58. Maabara aliyoianza kwa chumba kimoja ilipewa jina jipya la Taasisi ya Kitaifa ya Afya mwaka wa 1930.