Mwana wa mtawala aliyeacha vyote, na simu yangu iliyozama Fumba

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na vipi alinikuta mie, kijana wa Fumba.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 16. Mjomba wangu alirudi kutoka Maskati akaniletea simu, Nokia 3310. Kijijini wenye simu walikuwa wa kuhesabu, basi mie nalala nayo chini ya mto. Siku moja mdogo wangu akaichukua bila ya kuniambia, akatoka nayo na ngalawa, ikamponyoka ikazama. Nilimpiga mpaka mama akaja kunishika mikono. Siku tatu sikusema naye.

Wiki ile nikapanda daladala hadi mjini, nikaingia intaneti kafe moja Darajani kutafuta bei ya simu nyengine. Katika kuruka ukurasa huu na ule nikaangukia habari za Siddhartha Gautama, anaejulikana kama Buddha. Saa ikaisha, nikaongeza nyengine kwa pesa ya nauli. Fumba nikarudi kwa kudandia gari la mchanga.

Kwa ufupi hadithi yake iko hivi. Alizaliwa Lumbini, ambayo leo iko Nepal. Baba yake, Suddhodana, alikuwa mtawala wa watu wa Shakya. Mama yake, Maya, alifariki siku saba baada ya kujifungua, akalelewa na mama yake mdogo, Mahapajapati. Masimulizi yanasema baba alimfungia kila raha ndani ya jumba ili asione shida za dunia. Akaozwa Yasodhara, wakapata mtoto wa kiume, Rahula.

Siku alizotoka nje akaona mzee aliyepinda mgongo, akaona mgonjwa, akaona maiti inakwenda kuchomwa. Halafu akaona mtu aliyeipa dunia mgongo, hana kitu lakini uso umetulia. Akarudi nyumbani usingizi hauji. Alipofika miaka 29 akaondoka usiku, mke na mtoto wamelala. Akakata nywele, akavua nguo za kifahari akavaa matambara.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani kuacha mali ndio mwisho wa safari. Yeye aliacha mali, na bado hakupata alichokitaka! Alisoma kwa walimu wawili wakubwa, akawaacha. Akakaa miaka sita msituni na wenzake watano, anajinyima chakula mpaka mbavu zikahesabika. Mwisho akaona kuwa kuutesa mwili nako ni kung'ang'ania vile vile. Akapokea wali wa maziwa kutoka kwa msichana aitwae Sujata, na wale wenzake wakamkimbia kwa kudhani ameshindwa. Akakaa chini ya mti wa jamii ya mtini pale Bodh Gaya, India, na hapo, akiwa na miaka 35, wafuasi wake wanasema akazinduka. Alichokiona ni kwamba taabu yetu kubwa inatokana na kiu ya moyo, ile hali ya kutaka kitu kiwe changu na kibaki changu daima, wakati hakuna kinachobaki.

Mie nilipofika hapo nikaikumbuka simu yangu iko chini ya bahari, na mdogo wangu uso umevimba.

Basi na mie nikataka kuwa kama Buddha. Nikagawa mashati yangu mawili kwa jirani, halafu nikawa namchungulia kila akilivaa lile la buluu. Bibi alicheka sana. Nilipomuuliza maalim wangu wa chuoni kwa woga kama nimepotea dini, hakunigombeza. Akanisimulia habari za Ibrahim bin Adham, aliyeacha ufalme wa Balkh kwa ajili ya Mungu. Akaniambia zuhudi si kukosa kitu mkononi, bali ni kitu kisikae moyoni. Dini yangu sikuibadilisha, lakini nilijifunza kwa mtu wa dini nyengine, na sioni haya kusema hivo. Na msidhani Ubudha ni mambo ya mbali: hapo Dar es Salaam tu liko hekalu lililoanzishwa na wahamiaji kutoka Ceylon mwanzoni mwa karne ya 20.

Turudi kwa Buddha. Alifundisha miaka 45 akitembea kwa miguu. Watawa wake waliruhusiwa vitu vichache: nguo tatu, bakuli, mkanda, wembe, sindano na chujio la maji. Lakini matajiri hakuwaambia wote wafilisike. Kijana mmoja mwenye familia alimshauri agawe pato lake mafungu manne: moja la matumizi, mawili ya kazi, la nne akiba ya siku ya shida.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha mtoto wake. Buddha aliporudi kwao Kapilavastu, Yasodhara alimtuma Rahula, wakati huo ana miaka saba, akamuombe baba urithi wake. Mtoto akamfuata nyuma anadai. Baba hakuwa na shamba wala dhahabu. Akampa alichonacho: akamuingiza katika utawa. Babu mtu akaumia sana, akaomba tangu siku ile asichukuliwe mtoto bila idhini ya wazazi, na Buddha akakubali. Kwa hiyo hata kuacha vitu kuna watu wanaolipa gharama yake. Yasodhara alilipa.

Alifariki Kushinagar akiwa na miaka 80, baada ya chakula alichopewa na mhunzi aitwae Cunda, na akahimiza mhunzi yule asilaumiwe. Unajua kilichofuata? Watawala wakataka kupigana kwa kugombea mifupa ya mtu ambaye hakumiliki hata kitanda! Ikabidi mzee mmoja awagawie mafungu manane.

Kwa nini nayaleta haya leo? Mzee wetu alifariki mwaka 2017, wakati bei ya ardhi Fumba imeshapanda kwa sababu ya mji mpya. Kiwanja ambacho zamani tulikuwa tukifungia mbuzi kikatugawa ndugu. Kadhi alitupa mafungu yetu kwa haki, lakini upande wa barabarani tuliutaka wawili: mie na yule yule mdogo wangu. Tukafika kutoamkiana. Usiku mmoja nikamfikiria Rahula anamfuata baba yake nyuma, nikaifikiria na ile simu. Asubuhi nikamwendea nikamwambia achukue yeye.

Sitowadanganya, wadau. Leo kasimamisha maduka pale, na nikipita roho inanichoma kidogo. Lakini Ijumaa tunakula sahani moja.

Je, nyinyi mnasemaje, nilifanya ujinga? Tupeni maoni hapo chini, bila ya matusi tafadhali.