Hammarskjöld na mashahidi wa Ndola

Kila mwaka ninapoanza kuwafundisha wanafunzi wangu somo la sauti za lugha, huandika ubaoni majina mawili: Ndola na Ndolo. Huwaeleza kwamba la kwanza ni mji wa Zambia ulio karibu na mpaka wa Kongo, na la pili ni uwanja mdogo wa ndege jijini Kinshasa. Kinachoyatenga ni irabu moja tu ya mwisho. Kisha huwauliza iwapo irabu moja yaweza kumuua mtu. Wengi hucheka. Hawajui kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa kwa dhati mintarafu ya kifo cha Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa, ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961.

Kwa vijana wa leo jina hilo ni la mtaa au la maktaba fulani ughaibuni. Kwa hiyo yafaa tuanze na mtu mwenyewe.

Hammarskjöld alizaliwa Jönköping, nchini Sweden, tarehe 29 Julai 1905, akiwa mwana wa nne. Babake, Hjalmar, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo kati ya 1914 na 1917, na mtoto alilelewa katika mji wa Uppsala, wenye chuo kikuu kikongwe. Alisomea uchumi hadi kupata shahada ya uzamifu mwaka 1933, akafanya kazi katika Wizara ya Fedha, kisha akaongoza bodi ya benki kuu. Hakuoa. Alipenda kupanda milima na kusoma mashairi, na alivimudu Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani barabara. Mwaka 1954 alichaguliwa kukalia kiti cha babake katika Akademia ya Sweden, ile inayotoa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alitafsiri kwa Kiswidi utungo wa mshairi Mfaransa Saint-John Perse, na katika siku zake za mwisho alikuwa akiitafsiri kazi ya mwanafalsafa Martin Buber kuhusu namna mtu anavyomkabili mwenzake kama mtu, si kama kitu. Nitarejea kwa hilo.

Mataifa makubwa yalipomteua Aprili 1953 yalidhani yamepata karani mtulivu. Yalikosea. Mwaka 1955 alikwenda mwenyewe Peking kuzungumza juu ya marubani wa Kimarekani waliokuwa wamefungwa huko, nao wakaachiliwa baadaye mwaka huo. Mwaka uliofuata, Uingereza, Ufaransa na Israeli zilipoivamia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, alisaidia kuunda jeshi la kwanza la Umoja wa Mataifa la kusimama kati ya pande zinazopigana. Mwishoni mwa 1959 na mwanzoni mwa 1960 alizunguka nchi nyingi za Afrika, akiona kwa macho yake bara lililokuwa likijiandaa kujitawala.

Kongo ndiko alikokwama. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Baada ya siku chache askari wakaasi, na tarehe 11 Julai Moise Tshombe akatangaza kwamba Katanga, jimbo lenye shaba, limejitenga. Nyuma yake walikuwapo maafisa wa Kibelgiji, mamluki na kampuni ya madini. Hammarskjöld alipeleka majeshi yaliyofika karibu watu 20,000. Lakini aliyaamuru yasijiingize katika ugomvi wa ndani, na kwa ajili hiyo Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliona ametupwa mkono. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, ilhali majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwapo nchini. Simtetei Katibu Mkuu kwa jambo hilo, na Waafrika waliomlaumu walikuwa na haki. Hata hivyo, ni yeye huyo huyo aliyekataa kujiuzulu pale Wasovieti walipomshinikiza, akishikilia kwamba mataifa makubwa hayahitaji Umoja wa Mataifa. Wanaouhitaji ni wadogo.

Septemba 1961 majeshi yake yalianzisha operesheni ya kuwatoa mamluki katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mji wa Kiswahili chenye ladha yake mahsusi. Operesheni ikaenda mrama. Kikosi cha askari wa Ireland kilizingirwa Jadotville, na ndege moja tu ya kivita ya jeti, aina ya Fouga Magister, iliyatesa majeshi ambayo hayakuwa na ndege ya kuikabili. Hammarskjöld, aliyekuwa Leopoldville, akaamua kukutana na Tshombe ana kwa ana. Mahali palipokubaliwa ni Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini iliyokuwa chini ya Waingereza.

Ndege aliyopanda ilikuwa DC-6B iliyoitwa Albertina, ya injini nne za rafadha, yaani mapanga yanayozunguka, mali ya kampuni ya Kiswidi iliyokodiwa na Umoja wa Mataifa. Asubuhi ya tarehe 17 ilikuwa imepigwa risasi huko Elisabethville, ikatengenezwa. Iliondoka Leopoldville saa kumi na dakika 51 jioni ikiwa na watu 16. Kwa kuiogopa ile Fouga, marubani hawakutangaza safari yao ya kweli, wakanyamaza redioni, na badala ya kukata moja kwa moja juu ya Katanga walizunguka upande wa mashariki kuelekea Ziwa Tanganyika kabla ya kugeuka kusini. Safari ilichukua zaidi ya saa sita. Saa sita na dakika kumi usiku waliuarifu mnara wa Ndola kwamba wanaziona taa za uwanja. Dakika chache baadaye ndege ililamba vilele vya miti, kilomita kama 15 kutoka uwanjani, ikasagika na kuwaka moto.

Ni haki kukiri kwamba ndege za zama zile zilianguka mara nyingi kwa sababu zisizohitaji njama yoyote. DC-6 yenyewe ilianza vibaya: tarehe 24 Oktoba 1947 moja iliungua angani huko Marekani na watu 52 wakafa, kwa kuwa mafuta yaliyokuwa yakihamishwa kutoka tangi moja hadi jingine yalifurika na kufyonzwa na mtambo wa kupasha joto chumba cha abiria. Ndege zote za aina hiyo zilizuiwa kuruka hadi mwaka uliofuata. Rais Ramon Magsaysay wa Ufilipino alikufa mwaka 1957 ndege yake ya injini mbili ilipogonga mlima usiku, na uchunguzi ukaonyesha chuma kilichochoka ndani ya injini. Isitoshe, marubani wengi waliipeleka ardhini ndege nzima isiyo na hitilafu, gizani, wakidhani wako juu zaidi. Kifaa cha kumwonya rubani kwamba ardhi imekaribia kilikuja miaka ya sabini.

Ndipo inapoingia ile irabu. Uwanja wa Ndola uko karibu mita 1,270 juu ya usawa wa bahari. Ule wa Ndolo uko chini ya mita 300. Ilisemekana kwamba marubani walichanganya majina, wakafungua ramani ya kutua ya Ndolo, na hivyo wakateremka wakiamini kwamba ardhi iko mbali. Kwa mtu wa taaluma yangu hii ni hadithi tamu mno, na labda ndiyo maana siiamini. Watu hao walikuwa wamezungumza na mnara wa Ndola na kupewa kipimo cha shinikizo la hewa la mahali pale. Altimita, yaani vifaa vinavyomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani, zilichunguzwa Marekani zikakutwa hazina kasoro. Magurudumu yalikuwa yameteremshwa. Kila kitu kilikuwa kama inavyopasa kwa ndege inayokuja kutua, ila ilikuwa chini mno, na hakukuwa na kifaa cha kunasa sauti wala mwendo cha kutueleza kwa nini.

Walichokuwa nacho wachunguzi ni watu. Uwanjani Ndola, Balozi wa Uingereza katika Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, Lord Alport, alishikilia kwamba Katibu Mkuu bila shaka ameamua kwenda kwingine. Taa zikazimwa, watu wakaenda kulala. Mabaki yalipatikana rasmi saa tisa na dakika kumi alasiri, takriban saa 15 baada ya ajali. Muda huo wote Sajini Harold Julien, Mmarekani wa idara ya ulinzi, alikuwa hai, ameungua, amelala juani. Hospitalini alitaja mlipuko na cheche angani. Alikufa tarehe 23 Septemba, na maneno yake yakahesabiwa kuwa ni ya mgonjwa aliyeweweseka.

Nao wachoma makaa wa msitu ule walikuwa wamefika pale alfajiri. Baadhi yao walichukua vitu, ikiwamo mashine ya kuandikia ujumbe wa siri. Wakashtakiwa kwa wizi na kufungwa jela. Wakazi wengine wa eneo hilo walisema kwamba usiku ule waliona ndege ya pili, ndogo zaidi, au mmweko wa moto juu ya ile kubwa kabla haijaanguka. Tume ya Rhodesia, iliyotoa ripoti Februari 1962, iliyaweka kando maneno yao na kuhitimisha kuwa ni kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo huo ilikuwa na busara zaidi: haikuweza kuthibitisha sababu yoyote, wala kukanusha uwezekano wa hujuma au shambulio.

Msomaji atanisamehe nikikaa hapa kidogo. Nikiwa kijana niliwahi kwenda mashambani kurekodi lahaja ambayo sikuimudu, nikitegemea mkalimani. Bibi mmoja alizungumza kwa dakika kadhaa. Mkalimani akanijibu kwamba hajui. Nilipoisikiliza kanda miezi baadaye kwa msaada wa mtu mwingine, nilibaini kuwa bibi alikuwa amenieleza mengi, ila mkalimani aliona hayanifai. Nilikuwa karibu kumwandika kwamba hana la kusema. Sasa fikiria mchoma makaa wa mwaka 1961, asiye na Kiingereza cha mahakamani, akisimama mbele ya maafisa wa serikali ya kikoloni ambayo imewafunga wenzake, aeleze jambo linaloweza kuwatia aibu maafisa hao hao. Akisita, ni mwongo. Akisema kwa uhakika, amefundishwa. Akitofautiana na jirani yake kuhusu idadi ya taa, wote wawili hawakuona kitu.

Sidai kwamba mashahidi hao walisema kweli tupu. Macho ya usiku hudanganya, na ndege inayozunguka uwanja yaweza kuonekana kuwa mbili. Ninachodai ni kwamba kosa la rubani lilithibitishwa kwa kuondoa ushahidi wa wale waliokuwa karibu zaidi, na ugunduzi wa namna hiyo si ugunduzi.

Kwa bahati njema jambo halikuishia hapo. Raia mmoja wa Sweden, Göran Björkdahl, aliwatafuta wazee wa Ndola waliokuwa vijana usiku ule, na baadhi yao hawakuwa wamehojiwa na tume yoyote. Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alitoa kitabu kuhusu kifo hicho. Mwaka 2013 tume ya wanasheria ikapendekeza uchunguzi ufunguliwe upya. Mwaka 2015 Ban Ki-moon alimteua Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania wakati huo, aongoze jopo la kuupima ushahidi. Jaji huyo wa Afrika Mashariki aliwachukulia mashahidi wa Kiafrika kama mashahidi. Katika ripoti yake ya 2017 aliona kwamba yawezekana shambulio au tishio kutoka nje ndilo lililoiangusha ndege, bila kuthibitisha hivyo, na bila kukifuta kabisa kisa cha ajali ya kawaida.

Hammarskjöld alitunukiwa Nobel ya Amani mwaka 1961 akiwa tayari kaburini Uppsala, na tafsiri ya Buber hakuimaliza. Othman aliendelea kutoa ripoti mwaka 2019, 2022 na 2024, na katika hizo alirudia ombi lile lile: serikali zilizokuwa zikinasa mawasiliano ya redio katika eneo lile zifungue majalada yao ya Septemba 1961. Mwanajeshi wa Marekani aliyekuwa katika kituo cha kusikiliza huko Cyprus alishuhudia kwamba usiku ule alisikia sauti iliyorekodiwa ya rubani akieleza jinsi anavyoishambulia ndege nyingine. Kama ukanda huo upo, uko kabatini kwa mtu. Uingereza, Marekani na Afrika Kusini zilitajwa kwa majina katika ripoti hizo kwamba hazikutoa yote zilizoombwa. Wachoma makaa waliulizwa wakajibu mwaka ule ule wa 1961. Waliosomea kunyamaza ndio bado tunawangoja.