RUTHERFORD NA MAKUNDI MAWILI YA WAAMINI

Wengi wetu tuna jirani ao ndugu wa jamaa aliye Shahidi wa Yehova. Kila mwaka, jioni ya Ukumbusho, sahani ya mkate inapita mkononi mwake, na kikombe vilevile, naye hali wala hanywi. Wengine wanacheka. Sisi tunaona ni heri kujua kwanza jambo hilo lilitoka wapi.

Joseph Franklin Rutherford alizaliwa tarehe 8 Novemba 1869 katika jimbo la Missouri, Marekani, mtoto wa mkulima. Mwaka wa 1892 akawa avoka. Kwa kuwa aliketi mara chache mahali pa juji, watu walimwita Juji mpaka kufa kwake. Alibatizwa mwaka wa 1906 kati ya Wanafunzi wa Biblia wa Charles Taze Russell. Russell alifariki mwaka wa 1916, na Januari 1917 Rutherford akawa prezidenti wa Watch Tower. Wengi walimkataa, kundi likapasuka. Mwaka wa 1918, wakati wa vita, alihukumiwa miaka 20 gerezani. Machi 1919 akatoka.

Sasa mafundisho yenyewe. Russell aliisoma Ufunuo sura ya 7 hivi: wale 144,000 ni kundi dogo, bibi arusi wa Kristo. Mkutano mkubwa wa mstari wa 9 nao ni wa mbinguni, ila wa cheo cha chini, watu waliopungukiwa bidii. Basi msomaji wake aliishi na hofu: je, nitaketi katika kiti cha enzi, ao nitasimama mbele yake tu?

Rutherford aligeuza. Mwaka wa 1932 alifundisha juu ya Yonadabu, yule aliyepanda gari la Yehu katika 2 Wafalme 10: mtu mwema anayeandamana na watiwa-mafuta bila kuwa mmoja wao. Halafu tarehe 31 Mei 1935, mjini Washington, akatangaza kwamba mkutano mkubwa ndio hao akina Yonadabu, kondoo wengine wa Yohana 10, watakaoishi milele hapa duniani. Akawaomba wenye tumaini hilo wasimame. Zaidi ya nusu wakasimama! Walikuwamo waliokula mkate miaka mingi. Toka siku zile wakaacha.

Kwa hiyo anayeshika maandishi yao atazame kwanza mwaka. Neno lilelile, mkutano mkubwa, katika vitabu vya Russell ni watu wa mbinguni. Baada ya 1935 ni watu wa duniani. Kuyachanganya na kuwaita waongo si haki.

Lakini hoja yake tuipime. Alisema kusimama mbele ya kiti cha enzi si lazima kuwa mbinguni, kwa sababu katika Matayo 25 mataifa wanakusanywa mbele ya kiti cha Mwana wa Adamu, nao wako duniani. Ni hoja ya avoka kweli, haina upumbavu. Sisi mstari wa 15 ndio unaotuzuia: watu hao wanatumika hekaluni mwa Mungu, na Ufunuo 11:19 inaonyesha hekalu hilo liko mbinguni.

Huku Katanga vitabu vya Watch Tower viliingia kupitia Rhodesia ya Kaskazini, na Kitawala ikazaliwa. Wao hawakungoja fasiri ya Brooklyn. Dunia mpya waliifahamu kuwa mwisho wa utawala wa mkoloni.

Rutherford alifariki tarehe 8 Januari 1942 huko San Diego, akijihesabu kati ya wale 144,000. Mwaka wa 1935 waliokula mkate walikuwa 52,465. Mwaka wa 2005 walikuwa 8,524. Miaka mingi ilifundishwa kwamba mwito wa mbinguni ulifungwa karibu na 1935. Mwaka wa 2007 gazeti lao, Mnara wa Mlinzi, likasema hakuna tarehe inayoweza kuwekwa. Hesabu ikapanda tena, na mwaka wa 2019 waliokula walipita 20,000.