Malenga wa Kireno Aliyeitia Mombasa Ila

Mpwa wangu, kijana wa dada yangu, yuko chuo kikuu nchini Ureno, akisomea lugha na utamaduni wa Wareno. Alipokuja likizoni alinikuta barazani, akanieleza dhiki yake. Huko kuna utenzi mmoja, Os Lusíadas, ambao hakuna mwanafunzi wa Kireno awezaye kuukwepa. Na ndani yake Mombasa imepakwa matope, ikaitwa mji wa hila na khiana. Akaniuliza kama inafaa aendelee. Nilimtaka kwanza amjue aliyeutunga, na niliyomsimulia yeye ndiyo ninayowasimulia wasomaji leo.

Luís de Camões alizaliwa yapata mwaka 1524, katika jamaa yenye jina lakini haina mali. Ujanani alikwenda vitani Ceuta, katika ardhi ya Wamoroko, akapoteza jicho la kulia. Mwaka 1552 alimjeruhi mtumishi wa mfalme katika ugomvi mjini Lisbon, akafungwa. Mwaka uliofuata alisamehewa, akapanda merikebu kwenda Bara Hindi kuwa askari.

Alikaa ugenini miaka kumi na saba. Katika kurejea alikwama Kisiwa cha Msumbiji, katika pwani hii hii ya Waislamu, ambacho wakati ule kilikuwa mikononi mwa Wareno. Diogo do Couto, mwandishi wa tarehe, alimkuta huko fukara, akila kwa hisani ya marafiki, huku akiunyoosha utenzi wake. Marafiki ndio waliomchangia hata akafika kwao mwaka 1570.

Utenzi ulipigwa chapa mwaka 1572. Una beti 1,102, na kila ubeti una mistari minane: sita ya mwanzo vina vyake viwili hupishana, na miwili ya mwisho ina kina chake peke yake. Anayejua taabu ya vina na mizani atakiri kwamba huyu alikuwa fundi.

Habari zake ni safari ya Vasco da Gama, aliyefika kwetu mwaka 1498. Mombasa inamtegea mitego, na miungu ya kale ya Warumi ndiyo inayomwokoa. Hapo Mwislamu atatikisa kichwa. Malindi, iliyompokea, imesifiwa. La ajabu ni kwamba tarehe ya Ureno, zaidi ya robo nzima ya kitabu, Da Gama anamsimulia Mfalme wa Malindi. Fahari yote ile ya Wareno imewekwa mbele ya sikio la Mswahili.

Lakini palipo na uchungu ni mwishoni. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliichoma moto Mombasa. Camões anayataja majumba yetu ya fahari, kisha anasema kwamba kuchomwa kwake ni malipo ya maovu yetu. Kwa hivyo aliujua uzuri wa mji, na bado akauhalalisha moto.

Ujira wake ulikuwa mdogo. Mfalme Sebastião alimpa reis 15,000 kwa mwaka. Mfalme huyo huyo, ambaye utenzi ulimhimiza kwenda kuwapiga Waislamu wa Moroko, aliuawa huko mwaka 1578, na jeshi lake likaangamia. Camões alifariki tarehe 10 Juni 1580 katika umaskini, na mwaka ule ule Ureno ikaingia chini ya mfalme wa Uhispania. Leo tarehe hiyo ya kifo chake ndiyo sikukuu ya taifa la Ureno.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilimwambia mpwa wangu arudi chuoni akaishike lugha ile barabara, hata beti za Mombasa azisome bila mkalimani. Sisi watu wa pwani tuna ada ya kujibizana: shairi hujibiwa kwa shairi, na anyamazaye huhesabiwa amekubali. Lakini hapana ajibuye asichokifahamu. Shutuma hii ina zaidi ya miaka 450. Akishaielewa sawasawa, ashike kalamu. Nami nitamsaidia kupanga vina.